Maziwa Niliyoyamwaga

Mwezi uliopita mwanamke mmoja alinifuata nyuma ya kanisa hapa Kakuma. Alikuwa ameshika karatasi ya hospitali, ameikunja mpaka imekuwa ndogo kama kipande cha sabuni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kule kwa mionzi mtu anakula nini?" Nilimjibu haraka haraka: wali, ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha, maji mengi, usiguse maharagwe. Akanishukuru, akaenda. Nilipofika nyumbani nikaona sijamwambia hata nusu. Nilikuwa nimemtajia vyakula, sikumtajia mama yangu.

Nilisoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo sitaandika mambo ya madaktari. Nitaandika yaliyonipata mwilini mwaka 2012 na 2013, na jambo moja nililolifanya ambalo mpaka leo sijalisema mbele ya watu.

Wakati ule nilikuwa na kibanda cha chakula Kakuma mjini, kando ya njia inayokwenda kambini. Nilipika githeri ya mahindi na maharagwe, chapati na chai ya maziwa. Mume wangu alikuwa ameshafariki, na watoto wangu wawili wana nyumba zao mbali. Hedhi yangu ilikuwa imekoma miaka mitatu, halafu damu ikaanza tena. Nilijifunga kitambaa nikaendelea kupika. Aliyenisukuma kwenda hospitali ni Furaha, mkimbizi kutoka Kongo aliyekaanga mandazi kibanda cha pili. Aliona doa kwenye leso yangu nilipoinama kuchochea moto.

"Dada," akasema, "hii damu haiko ya bure. Enda ku hospitali leo, si kesho. Miye nitachunga masufuria yako."

"Na wateja?"

"Wateja watakula. Wewe ukikufa watakula kwa mwingine."

Nikaenda. Kutoka kliniki ya Kakuma nikatumwa Lodwar, wakakata kinyama kidogo, wakakipeleka mbali kupimwa. Majibu yalirudi: saratani ya mlango wa kizazi. Dawa yake ni mionzi, na mashine ya mionzi iko Nairobi. Jina langu likaandikwa kwenye foleni, nikaambiwa ningoje simu. Nilingoja mvua za masika zote. Mwaka ule kila mtu Turkana alikuwa anaongea habari ya mafuta yaliyopatikana ardhini, jinsi tutakavyotajirika. Mimi nilikuwa nasikiliza simu tu.

Simu ikaja mwezi wa nane.

Mama yangu alikuwa akiishi upande wa Namoruputh na mbuzi wake. Alipopata habari kwamba nimeitwa, alikuja Lodwar nyumbani kwa ndugu yangu Lokiru, nusu ya njia kwa miguu na nusu kwa lori, akiwa na mbuzi wawili wa maziwa. Siku ya kuamkia safari yangu alimshika pembe mmoja wao, wa rangi ya kahawia mwenye sikio jeupe, akamleta mpaka mbele yangu. Lokiru alikuwepo, na mkewe Asekon.

"Huyu ni wa Akiru," mama akasema, akilitaja jina langu. "Maziwa yake ni ya mgonjwa. Mtu mwingine asiyaonje mpaka apone."

Ndivyo walivyofanya katika ukoo wa mama kwa mtu anayekwenda mahali pa hatari. Anaachiwa mnyama nyumbani kwa jina lake, ili kuwe na kitu kinachomwita arudi. Nilimshika yule mbuzi sikio, nikalia kidogo, nikapanda basi.

Nairobi nililala kwa binti wa shangazi yangu. Baridi ya mwezi wa nane kule ni baridi ya kweli. Nilivaa sweta mbili na bado meno yaligongana. Siku ya kwanza hospitalini walinilaza, wakanichora mistari na nukta chini ya kitovu na ubavuni kwa wino, wakaniambia nisizisugue nikioga, kwa sababu mashine inafuata alama hizo. Nilipangiwa mara ishirini na tano, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mionzi yenyewe haiumi. Unalala peke yako kwenye chumba, mlango mzito unafungwa, mashine inalia, kisha unaambiwa, "Haya mama, vaa." Nilirudi nikamwambia binti wa shangazi kwamba watu wanaogopa bure.

Kwenye benchi la kungojea nilikaa na Mama Mwende, mwanamke wa Kitui aliyenitangulia kwa mara tisa. Alikuwa mnene zamani, unajua kwa jinsi ngozi ya mikono yake ilivyoning'inia. Aliniangalia nilivyokaa nimenyooka.

"Wewe hii ni mara ya ngapi?"

"Ya nne."

"Ndiyo maana. Bado unakaa kama bibi harusi. Ngoja ya kumi, utakaa kama sisi, nusu ya tako ndani, nusu nje, tayari kukimbia."

Wanawake wa benchi lile wakacheka, nami nikacheka, nikidhani ni mzaha.

Siku ya kumi na moja ndipo tumbo langu liliharibika. Lilianza kwa kunguruma, kisha mikato kama ya uchungu wa kuzaa, kisha maji matupu. Mara nne kwa siku, mara saba, siku nyingine sikuhesabu. Na kila siku kabla ya mionzi unatakiwa unywe maji na ubane mkojo, kibofu kijae. Fikiria: mbele umebana, nyuma huwezi kubana, na mbele yako kuna watu sita. Siku ya kumi na tatu nilishindwa pale pale kwenye foleni. Nilisikia joto likishuka miguuni, nikasimama bila kusogea, kama kwamba nisiposogea hakuna atakayejua. Mama Mwende alivua leso yake ya juu, akanizungushia kiunoni, akanishika mkono mpaka chooni. Pale nje ya mlango akasema, "Leso usinirudishie. Mimi pia hiyo nilipewa."

Leso hiyo nilikuja kumpa mwanamke wa Siaya wiki niliyomaliza.

Muuguzi wa pale, Sista Njeri, aliniita pembeni akanipima uzito. Nilikuwa nimepungua kilo tano.

"Mama, unakula nini?"

Nikamwambia kwa fahari. Asubuhi chai ya maziwa. Mchana ugali na mboga ya sukuma, nautia samli. Jioni uji wenye maziwa makavu. Katikati nakula nyama kavu iliyohifadhiwa kwenye mafuta. Vyote hivyo mama alikuwa akinitumia kwa basi kutoka Lodwar kila wiki, vimefungwa kwenye mkebe na gunia. Mbuzi mwenye sikio jeupe alikuwa akikamuliwa, maziwa yanagandishwa, yanasukwa, yanakaushwa, yanasafiri siku nzima na usiku mzima kunifuata. Niliona nakula vizuri kuliko mtu yeyote wa benchi lile.

Sista akaweka kalamu chini. "Mama, unajimaliza mwenyewe."

Akanieleza polepole. Mionzi inayochoma uvimbe inachubua na utumbo. Utumbo uliochubuka hauwezi kusaga maziwa, hauwezi mafuta, hauwezi majani magumu wala maharagwe. Akanipangia wali laini, ndizi mbivu, viazi visivyo na ganda, yai la kuchemsha, kuku bila ngozi, chai ya rangi, maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na vidonge vya kufunga tumbo.

"Maziwa niache mpaka lini?"

"Mpaka tumbo litulie. Pengine miezi. Na kama hutaacha, ukiendelea kukauka hivi, daktari atakusimamisha katikati ya matibabu. Hatutaki usimame katikati. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Kabla ya hapo nilikuwa nimeogopa saratani. Kuanzia siku hiyo niliogopa kusimamishwa. Nilikula wali kama ninavyomeza dawa. Ladha ilikuwa imekufa mdomoni, harufu ya mafuta ya jirani ilinitapisha, lakini nilikula. Tumbo halikupona, lilipunguza tu ukali. Nilifika mara ya ishirini, nikafika ya ishirini na tano. Baada ya hapo kulikuwa na mashine ya ndani, inayoingizwa njia ya uzazi, mara mbili. Hiyo inauma na inaaibisha, nanyi mtakaoipitia mwombe dawa ya maumivu mapema, msione haya.

Jioni ya siku ile aliponionya sista, mama alipiga simu. Yeye hakuwa na simu; aliazima ya Asekon. Aliongea kwa kupaza sauti kama mtu anayeniita kutoka ng'ambo ya mto.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa, mama."

"Yote?"

"Yote."

Mkebe ulikuwa mezani kwa binti wa shangazi, na watoto wake ndio waliokuwa wakiumaliza.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia. Nitasema ukweli. Baba alipokuwa akifa, miaka mingi nyuma, mama alimpelekea maziwa asubuhi, baba akageuza uso. Alimpelekea jioni, akageuza uso. Mama akatoka nje, akasema, "Amekataa maziwa," na mbele ya macho yangu akaanza kuvua shanga zake kama mjane, moja moja, akazitia ndani ya kibuyu. Baba alikufa siku tatu baadaye. Kwetu mtu anaweza kukataa nyama, anaweza kukataa ugali. Anayekataa maziwa ameshaondoka. Nikimwambia mama siwezi maziwa, niliona kama namwambia avue shanga.

Nilirudi Lodwar mwezi wa kumi. Siku moja kabla ya safari sikula kitu ili nisiharishe ndani ya basi, na bado nilimsimamisha dereva mara tatu kabla ya Kitale na mara mbili baada yake. Utingo alianza kulalamika, mzee mmoja akamwambia, "Nyamaza, huyo ni mgonjwa. Huoni macho yake?" Nilichuchumaa nyuma ya vichaka vya miiba na jua la mchana kichwani, abiria wote wananingoja, nikamshukuru Mungu kwa vile vichaka.

Lokiru alichinja mbuzi dume. Mama alichukua mavi mabichi ya tumbo la mbuzi, akanipaka kifuani na mabegani akiniombea, kama inavyofanywa kwa mtu aliyerudi. Aliponifunua tumbo akaziona zile nukta za wino.

"Nani amekuchanja hivi?"

"Hospitali, mama. Ni alama za mashine."

"Wamekutia alama kama mbuzi." Akazigusa kwa kidole. "Sasa mwizi akikuiba tutakujua."

Asubuhi iliyofuata aliniletea maziwa kwenye chombo cha mti, yakiwa bado na joto la mbuzi. Alichuchumaa mbele yangu kuniangalia. Nilikunywa mafunda matatu. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimelala kando ya choo kwa sababu kurudi nyumbani hakukuwa na maana. Siku mbili nilikuwa hivyo. Asekon alifua, akachemsha maji, akanitilia maji ya chumvi na sukari mdomoni kwa kijiko. Mama alisema ni ugonjwa unatoka.

Siku ya tatu alikuja tena na chombo. Nikasema, "Niachie, mama. Nitakunywa polepole nikiota jua." Aliponigeuzia mgongo nilijikokota mpaka nyuma ya choo, nikamwaga yote mchangani.

Nilifanya hivyo siku iliyofuata, na iliyofuata. Nilifanya hivyo wiki tano.

Mchanga wa Lodwar unakunywa haraka, hauachi kitu. Lakini mbwa wa jirani alinusa. Wiki ya kwanza alikuja baada yangu kulamba mchanga. Wiki ya pili alikuja pamoja nami. Wiki ya tatu nilimkuta ameshafika, amekaa, mkia unapiga vumbi. Nikaanza kumwekea kwenye kipande cha mtungi uliovunjika, kwa kuona afadhali anywe kiumbe kuliko ardhi.

Wakati huo tumbo langu lilikuwa linatulia. Asekon alinipikia wali laini na yai, na Furaha alinitumia ndizi kutoka Kakuma kila alipopata mtu wa kuja. Kutoka mara kumi kwa siku nilifika sita, kisha nne. Nililala usiku mzima mara ya kwanza mwezi wa kumi na moja. Ngozi ya mapajani iliyokuwa imeungua ikaanza kubanduka na kuacha ngozi mpya. Mama aliona nimeanza kutembea wima.

"Unaona?" akamwambia Lokiru. "Wali ni chakula cha wageni. Hayo ni maziwa yanamrudisha."

Kesho yake nikamwaga tena.

Kiangazi kilikuwa kimekaza. Upepo wa asubuhi ulileta vumbi mpaka ndani ya sufuria. Niliona mifupa ya shingo ya mama imetokeza, na shanga zake, ambazo zilikuwa zimembana tangu nikiwa mtoto, zikaanza kuteleza mpaka kifuani. Niliona. Nikajiambia ni uzee, nikajiambia ni kiangazi. Nilikuwa nimeshughulika na tumbo langu. Mgonjwa anakuwa na macho ya kujiona mwenyewe tu, na hili pia nalisema ili mjue.

Asubuhi moja tulikuwa tukiota jua sisi watatu, mimi na Asekon, na mama anatafuna tumbaku. Yule mbwa akapita.

"Akiru," mama akasema, "huyo mbwa ana nini? Mbwa wote wa Lodwar wanahesabika mbavu. Huyu anang'aa kama amepakwa mafuta."

Asekon akacheka. "Labda naye ana mbuzi wake."

Mama hakucheka. Alitema tumbaku, akamtazama mbwa mpaka akapotea nyuma ya choo.

Kesho yake aliniletea chombo kama kawaida, akaondoka kama kawaida. Nilikwenda nyuma ya choo, mbwa akasimama, nikamimina. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa amesimama pale, ameshika ukuta wa makuti.

Hakupiga kelele. Alikuja akanichukulia chombo mkononi, akachungulia ndani. Kulikuwa kumebaki povu ukingoni. Akalikusanya kwa kidole, akakilamba kidole. Akafumba macho. Nilimwona akimeza.

Asekon alikuwa ametoka nyuma yake. Aliona gae, aliona mbwa, akaelewa, na uso wake ukabadilika.

"Wifi," akaniambia, "unajua huyu mama hajaonja maziwa tangu uende Nairobi? Yule mbuzi mwingine alikauka mara tu ulipoondoka. Anakunywa chai ya rangi na ugali mkavu. Nikimwambia akamate hata kikombe kimoja anasema, 'Ni ya mgonjwa, ni ya mgonjwa.' Miezi mitatu, wifi! Na wewe unampa mbwa!"

Nikakaa chini pale pale mchangani. Nikasema yote. Sista na kalamu yake, mkebe ulioliwa na watoto, siku zote za "yote, mama, yote". Nikasema na habari ya baba. "Niliogopa utasema nimekataa maziwa. Niliogopa utavua shanga."



"Baba yako alikuwa anakufa," mama akasema. "Wewe ulikuwa unaharisha. Nimezaa watoto saba, nimezika watano. Unafikiri sijui tofauti ya mtu anayekufa na mtu anayeharisha?"

Nikaliokota lile gae mchangani.

"Ungeniambia," akasema. "Ungeniambia, ningekunywa mimi."

Akachuchumaa, akaosha chombo kwa mchanga na kidogo cha maji, akarudi nacho nyumbani.

Siku hiyo jioni Asekon alimkamua yule mbuzi, na mimi mwenyewe nikampelekea mama. Alikataa mara ya kwanza kwa sababu ya neno alilokuwa amelisema mbele ya watu. Ilibidi Lokiru aitwe, na nikamshika mbuzi sikio mbele ya wote nikasema, "Mbuzi ni wangu, maziwa ni yangu, nampa mama yangu." Hapo akanywa. Alikunywa polepole, akashika chombo kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa na sahani yangu ya wali. Tulikula pamoja, akautazama wali wangu akasema, "Chakula kisicho na rangi," na nilijua amenisamehe au ameanza kunisamehe.

Lakini mbuzi naye alikuwa anakauka. Maziwa yalimfikia mama wiki mbili, kila siku kidogo kuliko jana, kisha yakaisha.

Mwezi wa kwanza mwaka 2013 alishikwa na kikohozi. Tulimpeleka hospitali, wakasema ni mapafu, na tena ana upungufu wa damu na udhaifu. Nilikaa kando ya kitanda chake jinsi alivyokuwa akichuchumaa mbele yangu. Watu nje walikuwa wakibishana habari za uchaguzi na kaunti mpya, magari yanapita na vipaza sauti. Nilimlisha uji wa maziwa kwa kijiko. Aliupokea wote. Mpaka mwisho hakukataa hata kijiko kimoja, na bado alikufa. Kwa hiyo hata jambo lile tuliloliamini kuhusu baba sijui lilikuwa kweli kiasi gani.

Sijui pia kama maziwa yale ya miezi mitatu yangemwokoa. Nilimuuliza daktari, akasema mzee wa umri ule mapafu humshinda hata akiwa ameshiba. Huenda alisema kweli, huenda alinihurumia. Nimeacha kuuliza. Ninalolijua ni kwamba aliingia kwenye kikohozi kile akiwa amekonda, na ninajua ni wapi nyama yake ilikwenda.

Siku mbili kabla ya kufa, alizinduka akaniita karibu.

"Yule mbuzi ana mimba," akasema. "Atazaa mvua ikija. Ujaribu. Onja kidogo tu, usiwe na pupa."

"Nitaonja, mama."

"Ukiharisha, mpe mbwa."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia nikayaelewa.

Tulimzika pembeni ya boma la Lokiru, tukamwekea mawe. Nilivua shanga zangu, nikanyoa kichwa. Nywele zilikuwa zimerefuka vizuri tangu Nairobi, watu walikuwa wameanza kuzisifu.

Ninyi mnaokwenda huko, nawaambia yale niliyochelewa kumwambia mwanamke wa kanisani. Muulizeni daktari wenu mapema vyakula mnavyoruhusiwa, kwa sababu kila mtu na tumbo lake. Bebeni leso mbili, moja yenu na moja ya mwenzenu. Msifiche kuharisha, mwambieni sista hata kama ni mdogo kama binti yenu. Tumbo hutulia, lakini halirudi kuwa lile la zamani. Mimi mpaka sasa githeri siwezi, nampikia mteja tu, na kila ninapofika mahali pageni kwanza naangalia choo kiko wapi. Kisha kaeni chini na watu wa nyumbani, wale wanaowaletea kitu kwa mikono miwili, muwaambie: hiki siwezi sasa, kuleni ninyi. Semeni hata kama watalia.

Mvua ilinyesha mwezi wa nne. Mbuzi mwenye sikio jeupe alizaa jike mmoja, kahawia mtupu. Nilikuwa nimetoka kupimwa, nikaambiwa hakuna kitu kinachoonekana kwa sasa, nirudi baada ya miezi mitatu. Muuguzi wa Lodwar alisema naweza kujaribu maziwa, kijiko kimoja kwanza.

Nilimwacha mtoto wa mbuzi anyonye siku zake. Halafu asubuhi moja nikamwita Lokiru, Asekon na majirani, nikakamua kwenye chombo kile kile cha mti. Nilikwenda kwenye mawe ya mama, nikamimina pale mbele yao wote, kama tunavyowamiminia waliotangulia. Nilimwaga kidogo kidogo, ili kila mtu aone. Yaliyobaki yalijaza kijiko. Nikayanywa.

Kisha nikachukua kigoda, nikakaa karibu na choo, nikangoja. Jua likapanda. Asekon aliniletea chai ya rangi akaniuliza kama tumbo limeanza, nikatikisa kichwa. Jua likashuka upande wa mto. Mbwa wa jirani, aliyekuwa amekonda tena kama wenzake, alikuja akakaa mbele yangu, mkia unapiga vumbi.

Nikamwinamishia chombo ili aone ndani. Kilikuwa kitupu.